Kadi ya Chama na Shilingi ya Waziri

Tangu nitangaze kwamba sitachukua tena fomu ya ubunge, vijana wanaonyemelea jimbo wananijia na swali lile lile: mzee, ukishaapishwa unamtumikia nani, chama au wananchi? Wengi wanataka jibu la kishujaa. Mimi nawaambia kwanza wasome Katiba ya Tanzania.

Ibara ya 67 inataka mgombea ubunge awe mwanachama wa chama na apendekezwe na chama hicho. Ibara ya 71 inasema ukikoma kuwa mwanachama wa chama kilichokupeleka bungeni, kiti nacho kimekwenda. Marehemu Mchungaji Mtikila alipigania mgombea binafsi, asiye na chama, miaka nenda rudi, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika pale Arusha ikampa ushindi. Mgombea binafsi mwenyewe hatujamwona. Anayekwambia mbunge yuko huru kabisa hajawahi kukaa anasubiri jina lake lirudi kutoka vikao vya juu.

Kisha kuna Ibara ya 90: Bunge likikataa bajeti, Rais anaweza kulivunja. Na kura ya bajeti hupigwa kwa kuitwa jina, mmoja mmoja. Kwa mbunge wa chama tawala, siku hiyo mambo yameshakwisha. Ubishi wenye faida hufanyika mapema, kwenye kamati za kudumu, ambako katibu mkuu wa wizara amekaa mbele yako na vitabu vyake vya bajeti, na kwenye kikao cha wabunge wa chama, ambako waziri anaambiwa "hili hapana" bila kamera.

Ukumbini silaha yetu ni shilingi. Kwenye Kamati ya Matumizi, likifikiwa fungu lenye mshahara wa waziri, mbunge anasimama na kusema asipopata maelezo ya kutosha anakusudia kutoa shilingi, yaani kuupunguza mshahara huo kwa shilingi moja. Mgeni kwenye jukwaa la wageni hucheka: shilingi moja! Waziri hacheki. Wenzako wakisimama kukuunga mkono mjadala unafunguka, naye lazima aseme kitu. Mwishowe unarudisha shilingi, wapiga kura wanakuona mnyonge, lakini ahadi imeshaingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge. Mwaka unaofuata unarudi na ukurasa ule ule mkononi. Daraja moja jimboni kwangu lilipatikana hivyo, si kwa kupayuka.

(Na msiwacheke sana wanaounga mkono hoja asilimia mia moja kisha wakamaliza dakika zao zote kulalamikia maji. Mawaziri wanaielewa lugha hiyo vizuri sana.)

Sasa uaminifu unaishia wapi? Katika ahadi za mwanachama ambazo sisi wa CCM tulizirithi kutoka TANU, "Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko" imo kwenye orodha moja na ile ya kuwa mwanachama mwaminifu. Februari 2008 Dkt. Mwakyembe alisoma ripoti ya kamati teule ya Bunge kuhusu Richmond, mkataba tata wa umeme wa dharura, na Waziri Mkuu Lowassa, wa chama kile kile, akajiuzulu. Wapo walioita usaliti. Mimi naona ile ndiyo kazi tuliyotumwa. Wale wabunge 55 waliodai Serikali ya Tanganyika mwaka 1993 walikuwa na jambo jingine: waligusa sera ya serikali mbili, ya Muungano na ya Zanzibar, ambayo chama chao kilikuwa kinaisimamia, na Mwalimu Nyerere akawajia juu. Mtu wa chama chako mpinge hata hadharani ukiwa na ushahidi. Sera uliyoombea kura, kaibadilishe kwanza ndani ya chama.

Kitu kimoja ningekirekebisha kabla sijaondoka. Anayehama chama kwa hiari yake arudi kwa wapiga kura, hilo sina ubishi nalo. Anayefukuzwa ni suala jingine. Novemba 2020 chama cha upinzani CHADEMA kiliwavua uanachama wabunge wake 19 wa viti maalum, vile vya wanawake visivyo na jimbo, nao wakaendelea kukaa bungeni licha ya Ibara ya 71. Lakini kwa Ibara hiyo hiyo, mbunge wa jimbo akivuliwa uanachama na kikao cha chama, kiti kinakwenda na wapiga kura wake hawaulizwi neno. Ibara ya 71 iwatenganishe wawili hao, na aliyefukuzwa amalizie miaka yake mitano.