Je, wajua kwa nini Umoja wa Mataifa hauwezi kumfunga askari wa kulinda amani aliyemdhulumu mtoto?

Askari wa kofia ya bluu anapotuhumiwa kumdhulumu mtoto kingono katika nchi aliyotumwa kulinda raia, watu wengi hudhani kwamba Umoja wa Mataifa utamfikisha mahakamani, au kwamba polisi wa nchi hiyo watamkamata. Yote mawili hayawezekani, na sababu yake imeandikwa katika mikataba inayokubaliwa kabla askari huyo hajaondoka kwao.

Umoja wa Mataifa hauna jeshi lake wala mahakama ya jinai ya kumhukumu askari mmoja mmoja. Huazima wanajeshi kutoka kwa nchi wanachama, na nchi hizo hukubali kuwatoa kwa sharti kwamba kosa lolote la jinai watakalolifanya wakiwa ugenini litashughulikiwa na nchi yao peke yake. Sharti hilo limo katika mkataba wa mfano wa mwaka 1990, ambao ndio msingi wa makubaliano kati ya Umoja wa Mataifa na nchi zinazopokea vikosi. Askari wa kikosi hutofautiana hapo na mfanyakazi wa kiraia wa Umoja wa Mataifa, ambaye kinga yake Katibu Mkuu anaweza kuiondoa. Kwa askari, hata Katibu Mkuu akitaka, hana cha kuondoa.

Kanuni zenyewe hazina utata. Waraka wa Katibu Mkuu wa Oktoba 2003 unakataza tendo lolote la kingono na mtu aliye chini ya miaka 18, hata kama sheria ya mahali hapo inaruhusu umri mdogo zaidi, na unasema wazi kwamba askari hawezi kujitetea kwa kudai alidhani mtoto ni mtu mzima. Unakataza pia kutoa fedha, chakula au bidhaa ili kupata ngono. Anayevunja kanuni hizo anaweza kurudishwa kwao na asipelekwe tena katika operesheni nyingine, lakini kumfunga jela ni kazi ya nchi iliyomtuma.

Yaliyotokea Bangui, mji mkuu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, yanaonyesha jinsi mambo yanavyokwama. Mwishoni mwa mwaka 2013, mapigano yaliwafanya maelfu ya watu wakimbilie uwanja wa ndege wa M'Poko, ambako wanajeshi wa Ufaransa wa operesheni ya Sangaris walikuwa na kambi. Wanajeshi hao waliidhinishwa na Baraza la Usalama lakini hawakuwa chini ya amri ya Umoja wa Mataifa; hata hivyo, nao kuwashtaki kulikuwa mikononi mwa nchi yao. Kati ya Mei na Juni 2014, ofisa wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa, akishirikiana na wafanyakazi wa UNICEF, aliwahoji wavulana wadogo waliosema kwamba walikuwa na njaa, wakaenda kuomba chakula, na baadhi ya wanajeshi wakadai ngono kabla ya kuwapa chakula hicho.

Maelezo hayo yalipita ofisi moja hadi nyingine bila mtu kuyachukulia kuwa dharura. Anders Kompass, ofisa mwandamizi wa haki za binadamu mjini Geneva, aliikabidhi serikali ya Ufaransa ripoti hiyo ili uchunguzi uanze, na mwaka uliofuata akasimamishwa kazi kwa tuhuma za kuitoa bila idhini. Baadaye aliondolewa tuhuma hizo, kisha mwaka 2016 akajiuzulu. Jopo huru lililoongozwa na Marie Deschamps, jaji wa zamani wa Mahakama ya Juu ya Kanada, ambalo mmoja wa wajumbe wake alikuwa Hassan Jallow, mwendesha mashtaka wa zamani wa mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda iliyokaa Arusha, lilitoa ripoti Desemba 2015 na kusema kwamba taasisi nzima ilishindwa vibaya. Linaloniumiza zaidi katika ripoti hiyo ni kwamba watoto wale walitafutwa na kupewa huduma iliyostahili baada tu ya vyombo vya habari kufichua habari zao mwaka 2015. Muda wote huo watu wazima walikuwa wakibishana kuhusu utaratibu wa kupitisha karatasi.

Januari 2018, majaji wa uchunguzi nchini Ufaransa waliifunga kesi bila kumfungulia mashtaka askari yeyote. Uamuzi huo ni wa mahakama na sidai kuujua ukweli kuliko majaji. Hata hivyo, mtoto akihojiwa mara kadhaa na watu tofauti, maelezo yake huweza kupishana. Wanajeshi hubadilishwa zamu na kuondoka. Na mpelelezi anayefika baada ya miezi mingi, kutoka nchi ya mbali, hukuta ushahidi mwingi umepotea. Ndiyo maana wataalamu wengi wamependekeza mahakama ya kijeshi ya nchi husika iende kusikiliza kesi kule kosa lilikodaiwa kutendeka.

Machi 2016, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2272, linalomwezesha Katibu Mkuu kurudisha kikosi kizima pale panapokuwa na ushahidi wa kuaminika kwamba udhalilishaji wa kingono umeenea au umekuwa mtindo wa kikosi hicho. Nasi Watanzania jambo hili linatuhusu moja kwa moja. Juni 2023, Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba askari 60 wa Tanzania waliokuwa magharibi mwa Jamhuri ya Afrika ya Kati wangerudishwa nyumbani kutokana na tuhuma nzito za unyonyaji na udhalilishaji wa kingono. Tuhuma si hukumu, na wengi wa wanajeshi wetu wanaohudumu nje hufanya kazi ngumu kwa heshima. Lakini kwa kanuni ileile ya mwaka 1990, mamlaka ya kuwashtaki watakaokutwa na kesi ya kujibu yako mikononi mwa Tanzania peke yake.

Tangu mwaka 2016, ripoti ya kila mwaka ya Katibu Mkuu huzitaja kwa majina nchi ambazo askari wao wametuhumiwa. Mbunge au mwandishi wa habari anaweza kuichukua taarifa hiyo na kuiuliza wizara ya ulinzi ni askari wangapi wamefikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, waathirika walisikilizwa wapi, na hukumu ilikuwa ipi.