Je, wajua kwa nini raketi mpya ya tenisi hupeleka mipira nje ya uwanja mjini Mwanza?

Mchezaji anayeijaribu raketi mpya kwenye uwanja wa saruji mjini Mwanza huweza kupiga vizuri, kwa mkono uleule aliouzoea, na bado akaona mpira ukipita mstari wa nyuma na kugonga uzio. Kama alizoea kuchezea Dar es Salaam au Tanga, ataliona jambo hilo hata kwa raketi yake ya zamani. Hukumu ya haraka huwa kwamba raketi mpya ina nguvu kupita kiasi, lakini kabla ya kuilaumu fremu, yaani mwili wa raketi usio na nyuzi, ni vyema kwanza kuangalia hewa, mpira wenyewe na nyuzi.

Uso wa Ziwa Victoria uko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa ya Mwanza ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 10. Hewa nyepesi huuzuia mpira kidogo tu, nao hufika mbali zaidi. Isitoshe, mpira unaozunguka kuelekea mbele huitupa hewa juu nyuma yake, na hewa hiyo nayo huusukuma mpira chini; hewa ikipungua uzito, msukumo huo hupungua, na mpira uliotarajiwa kuzama ndani ya mstari huchelewa kuzama. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi (ITF) limeweka mipira maalumu kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Viwanja vya kando ya ziwa viko chini kidogo ya mpaka huo, hivyo hutumia mipira ileile ya pwani, ambayo hapa hudunda juu zaidi kwa kuwa shinikizo la hewa ya nje ni dogo.

Nguvu ya raketi nayo hueleweka vibaya. Kanuni zinataka mpira ukidondoshwa kutoka sentimeta 254 juu ya sakafu ngumu udunde sentimeta 135 hadi 147 tu, maana yake ni kwamba mpira unapobonyea hupoteza karibu nusu ya nishati yake. Nyuzi, kinyume chake, hurudisha sehemu kubwa sana ya kile zinachopokea. Kwa hiyo nyuzi zinazonesa, kama kitanda cha kamba kilicholegea kidogo, huuacha mpira ubonyee kidogo na kuurudisha kwa kasi zaidi, ilhali zilizokazwa sana hufanya mpira ubonyee zaidi na kasi kupungua. Wengi huamini kinyume chake, na ndiyo maana hukaza nyuzi wakitafuta nguvu.

Tena si kila mpira mrefu ni mpira wenye kasi. Raketi yenye nyuzi chache zilizoachana, kwa mfano 16 za wima kwa 19 za mlalo, huelekea kuurusha mpira kwa pembe ya juu kuliko ile ya 18 kwa 20. Mpira unaopita juu sana ya wavu na kutua nje unaweza kuwa na kasi ya kawaida kabisa. Anayejaribu raketi aangalie urefu wa mpira juu ya wavu kabla ya kuangalia unapotua. Binafsi nauona huo kuwa uchunguzi wenye faida kuliko mwingine wowote.

Kuhusu mzunguko, jibu liko kwenye nyuzi zenyewe. Mpira hukaa juu yake kwa takribani sehemu 5 kati ya 1,000 za sekunde, na katika muda huo nyuzi za wima huteleza pembeni kisha hurudi, zikiuzungusha mpira. Zitazame baada ya pigo la nguvu: za poliesta zilizo mpya hurudi na kunyooka zenyewe, za naeloni hubaki zimepinda mpaka mchezaji azinyooshe kwa vidole. Mwaka 1977 raketi zilizofungwa nyuzi kwa tabaka mbili zilizungusha mpira kiasi kwamba Guillermo Vilas wa Argentina aliacha fainali dhidi ya Ilie Năstase wa Romania, aliyekuwa akiitumia raketi hiyo, huko Aix-en-Provence, Ufaransa, na ITF ikapiga marufuku ufungaji huo.

Udhibiti ndio unaohitaji subira. Pigo moja zuri halithibitishi kitu. Kinachopimwa ni jinsi mipira mingi inayolengwa kona moja ya uwanja inavyotawanyika, hasa ile iliyogusa mbali na katikati ya raketi, ambapo fremu nyepesi hujipinda mkononi. Asubuhi ndio wakati mwafaka, kwani mchana upepo wa ziwa huvuma kuelekea nchi kavu na kuharibu ulinganisho wote.

Raketi mbili zinazolinganishwa zifungwe nyuzi za aina moja, kwa mkazo uleule na siku ileile, kwa sababu nyuzi hulegea hata raketi ikiwa imetundikwa ukutani, na hulegea haraka zaidi katika saa 24 za mwanzo. Raketi ya kuazima ambayo nyuzi zake zina miezi kadhaa itaonyesha hali ya nyuzi hizo zilizochoka, na mnunuzi atakayeilipia kwa kuipenda hivyo atapata raketi tofauti siku atakapofunga nyuzi mpya.