"Wakili, utumwa si ulikuwa halali?"

Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya mzee mmoja, mfanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni, hapa Mwanza, aliyekuja kwa shauri la mirathi. Redio ilikuwa ikijadili kama mataifa yautambue utumwa kuwa jinai dhidi ya ubinadamu. Akaweka chini kikombe cha chai. "Mwanangu, enzi zile si ulikuwa halali? Na sheria hairudi nyuma." Ni wa tano mwaka huu kuniuliza hivyo. Wawili kati yao ni mawakili wenzangu, na hao siwahurumii.

Mkataba wa Nuremberg wa 1945, uliounda mahakama ya kuwahukumu viongozi wa Wanazi, ibara ya 6(c), unataja kuwatia watu utumwani miongoni mwa jinai dhidi ya ubinadamu, kisha unaongeza: iwe kitendo kilivunja sheria ya nchi kilikotendeka au la. Maneno hayo ya mwisho yasome mara mbili kabla hujaja kubishana nami.

Hiyo "sheria hairudi nyuma" ni kinga ya mshtakiwa. Nani anashtakiwa hapa? Wahusika walishazikwa, na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai inashughulikia yaliyotendeka tangu Julai 1, 2002 tu. Kinachogombewa ni fidia. Durban, 2001, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa dhidi ya ubaguzi wa rangi, mataifa yalikubali kuandika kwamba utumwa ni jinai dhidi ya ubinadamu na ilipaswa kuwa hivyo siku zote. Ilipaswa! Si "ilikuwa". Ukiandika "ilikuwa", deni linaanza kuhesabika. Na fidia si jambo geni: mwaka 1833 Uingereza ilitenga pauni milioni 20, wakalipwa waliomiliki watumwa. Watumwa hawakuona hata senti.

Wengine huniambia: "Waafrika wenyewe waliuzana." Wapo walioshiriki, ndiyo. Wezi wakifunguliwa mlango na mwenyeji, kesi inafutwa?

"Hayo ni mambo ya Pwani." Mvumbuzi Mwingereza Stanley alipofika Kageye, ufukweni huku huku mwa Ziwa Viktoria, mwaka 1875, alimkuta mfanyabiashara wa watumwa na pembe, Sungoro, ameshaweka makazi.

"Yaliisha soko la Zanzibar lilipofungwa." Soko lilifungwa 1873. Tanganyika, sheria ya kuufuta utumwa ilikuja 1922.

Mzee alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo vita yote ni ya hilo neno ilipaswa?" Nikamwambia sehemu kubwa, ndiyo. Akasogeza kikombe, akanirudishia hati ya kiwanja cha Kirumba, akaniuliza kama na humo kuna neno la namna hiyo.