Ufa wa Nyumba ya Mawe Lamu Hauzibwi kwa Simiti

Tangu masika yaanze, malalamiko ni yaleyale: plasta imebambuka, ukuta unatoa unga mweupe, ufa umerudi palepale ulipozibwa mwaka jana. Sisi wa uhifadhi wa mji wa kale tukifika kwenye nyumba hiyo, karibu kila mara tunakuta simiti.

Kuta za mji wa kale ni matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, bila nondo. Matumbawe hunyonya unyevu na chokaa huuachia utoke taratibu. Ukifunika kwa simiti, unyevu hukosa pa kutokea, chumvi huganda nyuma ya plasta na kulila jiwe. Gonga ukuta huo kwa kifundo cha kidole, utasikia uwazi; bambua, jiwe litamomonyoka mkononi. Bado tunaambiwa simiti ni imara zaidi. Kwa ukuta huu, sivyo, na tumeshalieleza mara nyingi.

Kwanza jua kama ufa umetulia. Bandika kipande chembamba cha kioo kwa chokaa, kikatize ufa, andika tarehe, ungoje miezi kadhaa. Kikivunjika, ukuta bado unasogea: tazama boriti iliyooza kichwa, mfereji unaomwaga maji ukutani, tangi lililopandishwa juu. Hayo ndiyo ya kutengeneza kwanza. Kisha fundi akwangue, aloweshe mawe, ajaze chokaa kipimo kimoja kwa mchanga vipimo vitatu, tabaka jembamba juu ya jingine, afunike kwa magunia mabichi. Mchanga wa ufuoni una chumvi, usitumike.

Ukarabati nao unahitaji kibali. Mji wa kale wa Lamu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, na Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya 2006 inaulinda. Ombi liletwe kwetu kabla ya fundi kuanza, likiwa na picha za ufa, mchoro na orodha ya vifaa. Kibali cha kaunti ni kingine, hakichukui nafasi ya hiki chetu. Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, anayejenga bila idhini ya kaunti anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kufungwa hadi miezi 2, au vyote viwili, na kuamriwa kurudisha pahali palivyokuwa ndani ya siku 90. "Ni nyumba yangu" si jawabu mbele ya hakimu.

Ukuta uliotokeza tumbo msiuguse kabisa. Watoeni watu chumba hicho, mtuite siku hiyohiyo.