Injini ndogo ya boti hailazwi kiholela

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya wenye mashua za tanga: ukishaifungua injini ndogo nyuma ya mashua, ilaze tu stoo upande wowote, haina shida. Kwa injini nyingi za leo, si kweli.

Mkanganyiko unaeleweka. Injini za zamani za tustroki hutumia oili iliyochanganywa na petroli. Hazina sehemu ya kuhifadhi oili ndani, kwa hiyo upande wa kulalia haukuwa jambo kubwa. Fostroki, ambazo ndizo nyingi leo, hubeba oili yake yenyewe ndani. Ukiilaza vibaya, oili hupenya kando ya pistoni na kuingia kwenye silinda, au hufika kwenye kabureta. Siku ya kuwasha inafuka moshi mzito, au kamba inagoma kabisa kuvutika. Hapo usilazimishe, tafadhali: toa plagi kwanza, kisha vuta taratibu oili itoke.

Kuhakiki ni rahisi. Tazama ubavuni mwa injini yako: nyingi zina vijiguu au stika ya kuonyesha upande wa kulalia, na kijitabu chake kinaeleza. Kabla ya kuilaza, isimamishe wima hadi maji ya kupoozea yachuruzike yote. Kichwa kikae juu kuliko rafadha (panga linalosukuma maji), hata kwa tustroki, maana maji yaliyobaki huweza kurudi kwenye silinda kupitia njia ya moshi. Stendi ya wima ni bora zaidi.

Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze. Mjibu kwa upole aliyeutuma, umwombe akague ubavu wa injini yake.