Michezo ya Timu Ndogo: Maana Yake katika Kukuza Fikra za Mtoto

Mchezo wa timu ndogo ni mchezo kamili, wenye wapinzani, magoli na ushindi, unaochezwa na watoto wachache, aghalabu watatu kwa watatu hadi watano kwa watano, katika kiwanja kilichopunguzwa na kwa kanuni zinazolingana na umri wao. Haufanani na zoezi la kawaida: mtoto anayezungusha mpira kati ya koni hujifunza kuumiliki, lakini koni haimnyang'anyi mpira wala haimlazimishi kuchagua.

Kinachokuzwa hasa ni uamuzi. Timu zikiwa na wachezaji kumi na mmoja, mtoto wa miaka minane anaweza kumaliza kipindi akiwa ameugusa mpira mara chache mno; wakiwa watatu, mpira humrudia kila mara, na kila unaporudi humtaka aamue kama atapiga chenga, atatoa pasi au atautuliza hadi mwenzake afike. Mwaka 1982, David Bunker na Rod Thorpe wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, walipendekeza kwamba mwanafunzi aanze kwa kuuelewa mchezo, ufundi ufuate pale anapouhitaji. Naye Horst Wein, kocha Mjerumani aliyetokea kwenye mpira wa magongo, alibuni mchezo wa watatu kwa watatu wenye magoli manne, mawili kila upande, ambapo goli moja likizibwa mtoto hana budi kuinua macho atafute lililo wazi.

Watoto wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, wanaocheza mpira wa makaratasi vichochoroni kwa magoli ya mawe, wana sehemu kubwa ya mazingira haya tayari. Hata kati, mchezo wa kukwepa mpira, humfunza mtoto kusoma nia ya mrushaji. Anachoongeza mwalimu ni kanuni yenye kusudi. Wote wakiufuata mpira kwa kundi, apanue kiwanja, au aseme goli halihesabiwi mpaka kila mchezaji awe ameugusa mpira. Shule yenye uwanja mmoja inaweza kuugawa kwa chokaa ili darasa zima licheze kwa pamoja.

Mbinu hii, kwa maoni yangu, huharibiwa zaidi na kocha anayepaza sauti "Pasi! Pasi!" kutoka pembeni, kwa sababu huwa amekwisha kuamua kwa niaba ya mtoto. Ni heri asimamishe mchezo kidogo, aulize nani alikuwa wazi na kwa nini hakuonekana, kisha awaache waendelee.