Njiti ya kiberiti haioni dawa kwenye asali

Watu bado wanachovya njiti ya kiberiti kwenye asali, wanaiwasha, ikishika moto wanasema hii safi haina kemikali. Jamani hapana. Njiti inajibu swali la unyevu tu na hata hilo inalijibu vibaya, manake asali nzuri kabisa ina maji kama asilimia 17 au 18 hivi, na sharubati ya sukari iliyochemshwa mpaka ikawa nzito nayo itakuwashia njiti bila shida. Mabaki ya dawa ni habari nyingine kabisa. Chukua kloramfenikoli, antibayotiki ambayo kwa watu wachache sana inaweza kuharibu uboho mpaka mwili ushindwe kutengeneza damu, ndio maana Umoja wa Ulaya umeikataza kwa mifugo yote ya chakula, nyuki wakiwemo. Tangu Novemba 2022 kiwango chao cha kuchukua hatua ni mikrogramu 0.15 kwa kilo. Hebu piga hesabu, hiyo ni gramu moja ya dawa kwenye asali zaidi ya tani 6,600. Ulimi hauoni kitu hapo, wala kudondosha asali kwenye glasi ya maji, wala kwenye karatasi.

Dhana: unamimina asali kwenye mashine, inakutolea orodha ya kila kitu kilichomo

Hii naisikia hata kwa watu waliosoma na naona ndiyo yenye madhara kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Asali zaidi ya robo tatu ya uzito wake ni sukari, ukiiingiza hivyohivyo kwenye spektrometa ya masi (mashine inayotambua kemikali kwa uzito wa chembe zake) utachafua mashine na usione kitu cha maana. Kazi kubwa iko mezani. Unapima gramu mbili, na asali haikubali kirahisi, inaning'inia kwenye kijiko kama uzi mrefu huku namba za mizani zinazidi kupanda, unatia maji ya vuguvugu unatikisa mpaka iyeyuke, unaweka asetonitrili, kimiminika cha kuvutia dawa, pamoja na chumvi, unazungusha kwa kasi alafu unachukua tabaka la juu tu ambako dawa imekimbilia, sukari nyingi unaiacha chini.

Sasa shida ni kwamba dawa hazina tabia moja. Za salfa zinajishikiza kwenye sukari yenyewe, usipotia asidi kuzibandua kwanza hutazipata. Tetrasaiklini, antibayotiki nyingine, zinang'ang'ania madini. Nitrofurani, nazo antibayotiki, zinavunjika, kwa hiyo kinachotafutwa ni masalia yake, na hayo yanalala usiku mzima kwenye joto pamoja na kemikali ya kuyaongezea uzito ndo kesho yake yaonekane vizuri.

Hata ndani ya mashine ni kuchagua tu. Kimiminika kinapulizwa kama ukungu kwenye umeme mkali, matone yanakauka, zinabaki ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme (njia hii ndiyo iliyompa John Fenn sehemu yake ya Nobel ya kemia mwaka 2002). Mashine inayotumika sana kwa kazi hii unaiagiza: niletee ioni yenye uzito wa 321 peke yake, igonge kwenye gesi ivunjike, alafu nionyeshe vipande vya 152 na 257. Hiyo ndo kloramfenikoli. Vingine vyote vinatupwa njiani, yaani kama kuna dawa ya wadudu imejaa humo na hukuitaja, mashine haisemi neno. Zipo mashine za kisasa zaidi zinazokusanya ioni nyingi kwa mkupuo, ila hata hizo haziwezi kuona kitu ulichokiacha kwenye tabaka la chini.

Kwa hiyo ukipewa karatasi imeandikwa "haijagundulika", uliza kilitafutwa nini na mashine inaona kuanzia kiwango gani. Hiyo sio sifuri.

Dhana: kilele kikitokea kwenye skrini mtu kakamatwa

Kilele ni ule mchoro unaopanda kama mlima mashine ikiona kipande ilichoagizwa, na kimoja hakitoshi. Vipande vyote viwili lazima vitoke dakika ileile na uwiano wao ulingane na wa dawa halisi. Tena maabara kila sampuli tunaitilia mapema kloramfenikoli iliyotengenezwa kwa atomu tano za hidrojeni nzito, inatembea pamoja na ile ya kawaida ila mashine inaiona kwenye 326. Nilishaona asali nyeusi tii ikizima ishara yake zaidi ya nusu, na bila hiyo ya hidrojeni nzito ya kulinganishia tungeandika namba ndogo kuliko ukweli, asali mbaya ingepita na mtu angeila.

Dhana: ikionekana kemikali basi ni sumu, na mfugaji ndiye aliyeitia

Mwaka 2017 jarida la Science lilitoa utafiti wa sampuli 198 za asali kutoka pande zote za dunia, na asilimia 75 zilikutwa na angalau aina moja ya dawa za wadudu za kundi la neonikotinoidi. Nyingi zilikuwa chini kabisa ya viwango vinavyoruhusiwa kwa chakula cha binadamu, wasiwasi mkubwa ulikuwa kwa nyuki wenyewe. Na nani aliitia? Nyuki kaiokota kwenye maua ya shamba la mtu mwingine, mfugaji hana habari.

Mfano ninaoupenda zaidi ni semikabazidi. Ni masalia ya nitrofurazoni, mojawapo ya zile nitrofurani, ukiiona unakimbilia kusema mzinga ulitiwa dawa. Lakini ilikuja kujulikana inatoka pia kwenye ule mpira wa ndani ya mfuniko wa chupa za kioo, kemikali ya kuufanya mpira uvimbe ikipata moto inaiacha. Mtu anaweza kunyimwa soko kwa kosa la mfuniko!

Dhana: ya porini haiwezi kuwa na sumu

Inaweza. Asali ya maua ya rododendroni, inayojulikana sana Uturuki upande wa Bahari Nyeusi na huko Nepali, ina grayanotoksini inayoshusha presha na mapigo ya moyo mpaka mtu anazimia. Kuna mimea mingine inatoa alkaloidi za pirolizidini zinazoumiza ini taratibu. Spektrometa hiyohiyo inazipata vizuri tu zote, ila ukiomba kipimo cha antibayotiki peke yake hakuna atakayeziona.